Kumchagua Kirongozi wa Mtandao wa Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika wiki hizi za karibuni tumepokea maswali kutoka kwa mama zetu na dada zetu walioko Ukambani, wengine Kitui mjini na Mwingi, wengine upande wa Makueni, katika miji iliyopangana kando ya barabara kuu itokayo Mombasa: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Maswali yao yanakaribiana. Nyumba imeingizwa mtandao wa kulipiwa kwa mwezi. Watoto wanautumia kwa masomo na kwa mengineyo. Baba mara nyingi yuko kazini Mombasa, Nairobi au Ghuba. Na fundi au jirani amemshauri mama abadilishe kitu kinachoitwa DNS. Mmoja ameambiwa kwamba mtandao utakwenda mbio zaidi. Mwingine ameambiwa kwamba machafu yote yatafungika. Wa tatu ameambiwa asithubutu, maana atawapa wageni siri za nyumba yake. Wanauliza lipi la kweli, na kama jambo hili lina uzito wowote katika dini.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kila mmoja wa hao washauri watatu ameshika kipande cha ukweli na kukiacha kingine. Na uzito wake katika dini upo, kwa kuwa ni kumchagua atakayewaonyesha njia watu wa nyumbani mwako usiku na mchana, ilhali wao hawamwoni wala hawamjui. Inshaallah tutaeleza jambo lenyewe, kisha tutaje wanaojulikana katika kazi hiyo, kisha namna ya kubadilisha, na mwisho tuseme yale ambayo hakuna nambari yoyote itakayomfanyia mzazi.

DNS ni nini

Kila mashine iliyomo katika mtandao hujulikana kwa nambari, kama zijulikanavyo simu. Binadamu hakumbuki nambari nyingi, hukumbuka majina. Mtandao ulipokuwa bado mdogo, majina yote na nambari zake yaliandikwa katika daftari moja lililotunzwa Marekani, na kila aliyelihitaji akalinakili. Mashine zilipozidi daftari hilo lilielemewa, na mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris akabuni mpango mwingine, ndio huo DNS, ambamo daftari limegawanywa dunia nzima. Majina yanayoishia na .ke, kwa mfano, husimamiwa na KeNIC hapa Kenya. Mtoto anapoandika jina la tovuti katika simu, simu hiyo kwanza humwuliza mwelekezi mmoja, na mwelekezi huenda kulitafuta jina katika madaftari, akarudi na nambari. Hapo ndipo safari huanza. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hutokea mara mamia kwa siku katika nyumba moja.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina la mtu wa kazi kama hiyo. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika, misafara ya pembe na nguo ilikata nyika kavu baina ya Mombasa na Kitui, na Wakamba wenyewe, akiwamo Kivoi wa Kitui, walikuwa mashuhuri katika biashara hiyo. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, ajuaye njia na visima. Msafara ulifika au ulipotea kwa kadiri ya ujuzi wake na uaminifu wake. Sisi tutamwita mwelekezi wa mtandao kwa jina hilohilo, kirongozi, kwa sababu kazi ni ileile: yeye haubebi mzigo, lakini wote humfuata alikoelekeza.

Na ijulikane kwamba asiyechagua kirongozi amekwisha chaguliwa. Kampuni inayokuuzia mtandao hukupa wake siku ile ile fundi anapofunga ruta ukutani. Hakuna dhambi katika hilo, na wengi wa virongozi hao hufanya kazi yao vizuri. Tunasema tu kwamba uchaguzi umefanyika, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Kwamba jambo hili si dogo, mifano miwili yatosha. Wasomaji wanaikumbuka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, na huku kwetu ikawa tangu jioni hadi usiku wa manane. Mashine za kampuni hiyo hazikuungua. Zilijikata zenyewe njiani kwa kosa la matengenezo, na madaftari ya majina yake yakawa hayafikiki, hata virongozi bora wakawa hawana la kujibu. Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Mnamo Novemba 2011 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likishirikiana na polisi wa Estonia, lilivunja genge lililokuwa limeingiza programu haramu katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Programu hiyo, DNSChanger, haikuharibu chochote kilichoonekana. Ilibadilisha kirongozi tu. Mtu aliuliza njia ya mahali fulani akapelekwa kwengine, na genge likachuma kwa matangazo. Wenye kompyuta hizo waliishi na kirongozi mwizi bila kuhisi lolote.

Je, mtandao utakwenda mbio zaidi?

Hapa pana maneno mengi yasiyo na msingi. Ukinunua mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, kubadilisha kirongozi hakutaufanya kuwa wa 20. Barabara ni ileile. Kinachoweza kupungua ni ule muda wa kuulizia njia kabla safari haijaanza. Kama kirongozi wa kampuni yako ni mzito au huzimika mara kwa mara, utaona tofauti kubwa. Kama ni mwepesi, hutaona kitu.

Dalili ya kirongozi mgonjwa hujulikana. Taa za ruta zinawaka zote kama kawaida, ukipiga simu kampuni wanasema laini yako ni nzima, lakini tovuti hazifunguki, au zinasubiri sana kisha zikafunguka ghafla. Hapo kubadilisha huweza kuwa dawa. Lakini mtandao unaokatika kila mvua inyeshapo, au unaolemewa kila saa mbili za usiku mtaa mzima unapoutumia, hauna dawa katika DNS. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahangaika kwa siku kadhaa. Wapo waliobadilisha nambari za DNS siku hizo kama mtu abadilishaye dereva wakati daraja limevunjika.

Hali ya Kitui na Makueni ina upekee wake. Nyaya zinazotua Mombasa kutoka baharini, SEACOM na TEAMS tangu mwaka 2009 na EASSy tangu 2010, huendelea Nairobi kwa kufuata njia ya barabara na reli, kwa hiyo hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar. Mkongo wa taifa nao, NOFBI, umepelekwa hadi makao makuu ya kaunti, Kitui na Wote. Walio mijini basi wanaweza kupata faiba. Lakini kaunti ya Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,136,187 humo. Nyumba zimetawanyika mno. Wengi hutumia ruta yenye laini ya simu ndani yake, na tangu Julai 2023 wapo wanaotumia dishi la Starlink. Kwa aina zote hizo swali la kirongozi ni moja, ila namna ya kumbadilisha hutofautiana, kama tutakavyoona.

Virongozi wanaojulikana

Wapo virongozi wa wazi ambao mtu yeyote duniani anaweza kuwatumia bila malipo. Tutawagawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni wale waelekezao kila mahali pasi na kuchuja tabia. Google walianza wao Desemba 2009, na nambari zake ni 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Nambari hizo zilipata umaarufu wa ajabu Machi 2014, serikali ya Uturuki ilipoifunga Twitter, watu wakaziandika kwa rangi katika kuta za Istanbul ili wenzao wapate njia ya kuzunguka. Cloudflare nao walianza tarehe 1 Aprili 2018, kwa nambari 1.1.1.1 na 1.0.0.1, kampuni hiyo ina mitambo Mombasa na Nairobi, na hiyo ni faida kwetu, kwani swali halihitaji kwenda ng'ambo. Quad9, ulioanza Novemba 2017, hutumia 9.9.9.9 na 149.112.112.112, na hukataa kumpeleka mtu katika tovuti zinazojulikana kwa wizi na virusi. Haufungi machafu.

Fungu la pili ndilo linalozihusu nyumba zenye watoto, nalo huchuja. Cloudflare tangu Aprili 2020 wana nambari za familia, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, zinazofunga virusi na tovuti za uchi. OpenDNS, ulioanza mwaka 2006 na kununuliwa na Cisco mwaka 2015, una nambari za familia ziitwazo FamilyShield: 208.67.222.123 na 208.67.220.123. CleanBrowsing una kichujio cha familia kilicho kikali zaidi, 185.228.168.168 na 185.228.169.168, hiki hufunga pia tovuti nyingi za kukwepea vichujio, na hulazimisha utafutaji wa Google na YouTube uonyeshe matokeo yaliyosafishwa. Ukali huo una bei yake: mara nyingine kijana wa sekondari atakuta tovuti isiyo na ubaya imefungwa.

Rai yetu ni hii. Nyumba yenye watoto wadogo na vishikwambi vya kuchezea, CleanBrowsing yafaa. Nyumba yenye vijana wanaosoma, nambari za familia za Cloudflare zatosha, kwani hazibani sana. Nyumba ya watu wazima watupu, Quad9 hukinga wizi na huacha mengine kwa taqwa ya mwenyewe. Na ambaye kirongozi wa kampuni yake ni mwepesi na hana watoto nyumbani, akibaki alipo hana lawama.

Amana ya kirongozi

Yule mshauri wa tatu, aliyetahadharisha juu ya siri, naye tusimpuuze. Kirongozi hayaoni maneno uliyoandika wala picha ulizotuma, lakini anayajua majina ya mahali pote nyumba ilipouliza njia: benki gani, hospitali gani, tovuti ya maradhi gani, saa ngapi za usiku. Mwenye kuyajua hayo kwa mwaka mzima anaijua nyumba. Kwa hiyo kumchagua ni kumpa mtu amana, na amana haitolewi kwa kuwa mtu ni mwepesi wa miguu tu.

Tutazame walichoahidi wenyewe. Google husema kumbukumbu zenye nambari ya mwulizaji hufutwa ndani ya saa 24 hadi 48. Cloudflare husema huzifuta kwa muda wa takriban siku moja na haziuzi. Quad9 husema haziandiki nambari za waulizaji kabisa, nao ni taasisi isiyo ya faida iliyohamishia makao yake Uswisi mwaka 2021, nchi yenye sheria kali za faragha. Kampuni ya hapa nyumbani nayo iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ukidhulumiwa unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hilo nalo ni jambo la kupimwa: aliye mbali huenda ana ahadi nzuri zaidi, na aliye karibu ni rahisi kumshitaki.

Jambo jingine ni kwamba swali la DNS la kawaida husafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Wote walio njiani wanaweza kulisoma, na hata kulijibu kwa uongo. Huko Uturuki, siku chache baada ya kuta kuandikwa 8.8.8.8, maswali yaliyoelekezwa huko yalitekwa njiani yakajibiwa na wengine. Ndiyo sababu yapo maswali yaliyofungwa kwa siri, na simu nyingi za siku hizi zinayaweza, kama tutakavyotaja.

Namna ya kubadilisha

Ukiwa umeunganishwa na waifai ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike nambari ya ruta yako. Mara nyingi huwa 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1, imeandikwa katika kibandiko chini ya ruta, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Ukiingia, tafuta mahali palipoandikwa DNS, ambapo huwa ndani ya mipangilio ya WAN au ya DHCP. Kwanza ziandike katika karatasi nambari ulizozikuta, ili uweze kurudi nyuma ukitaka. Kisha weka mbili za kirongozi uliyemchagua, uhifadhi, na uzime ruta na kuiwasha tena. Wenye Starlink hufanya hivyo kupitia programu yake ya simu.

Hapa pana mambo manne ambayo wengi hukosea.

La kwanza, nambari mbili ziwe za kirongozi mmoja. Tumeona nyumba zilizowekwa 1.1.1.3 juu na 8.8.8.8 chini, mwenyewe akidhani ya pili ni akiba. Mashine haifuati mpango huo daima. Mara huuliza huyu, mara huuliza yule, na kichujio kinavuja kama ndoo iliyotoboka.

La pili, baadhi ya ruta zina sehemu ya IPv4 na sehemu ya IPv6. Ukiijaza ya kwanza ukaiacha ya pili, simu zinaweza kupita kwa ile uliyoiacha. Ama uijaze nayo kwa nambari za kirongozi yule yule, ama mwombe fundi aizime.

La tatu, badilisha neno la siri la kuingilia katika ruta. Lililo kwenye kibandiko mtoto wa darasa la sita atalisoma, na mwizi wa mbali huenda analijua tayari. Na lile jipya lijulikane na wazazi wote wawili. Baba akiwa Doha au Jeddah, mama ndiye aliyeko mlangoni. Haifai funguo za nyumba ziwe safarini.

La nne, jaribu kama umefaulu. Si lazima mtu afungue uchafu ili ajue umefungwa. Kwa wanaotumia nambari za familia za Cloudflare, kampuni hiyo imetenga anwani ya majaribio isiyo na ubaya ndani yake, nudity.testcategory.com; ikikataa kufunguka, kichujio kinafanya kazi.

Zipo kampuni ambazo hufunga ruta zake mteja asiweze kubadilisha kitu, hasa zile za laini ya simu. Hapo, badilisha katika kila kifaa. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mahali paitwapo DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Huwekwi nambari hapo, huwekwa jina: family.cloudflare-dns.com kwa kichujio cha familia cha Cloudflare, au dns.quad9.net kwa Quad9. Njia hii ina fadhila mbili. Swali husafiri limefungwa kwa siri, na kichujio huifuata simu hata inapotumia bando nje ya nyumba.

Mlango na adabu

Sasa tuje kwenye lile tulilolikusudia zaidi. Katika Surat At-Tahrim waumini wameamrishwa wajikinge na Moto wao pamoja na watu wa nyumbani mwao. Na katika hadithi iliyo mashuhuri, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, akamtaja mwanamke kwa jina lake kuwa ni mchunga katika nyumba ya mumewe. Wanazuoni wakajenga juu ya mafunzo kama hayo kanuni ya kuziba njia zinazoelekea katika haramu kabla haramu haijafikiwa. Kuweka kirongozi anayekataa kuwapeleka watoto pabaya kunaingia katika mlango huo, na mwenye kuweza kufanya hivyo kwa dakika chache akaacha kwa uvivu, hatuoni udhuru wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini ufa unaozibwa kwa DNS ni mmoja tu. Kirongozi hufunga mahali pazima. Hawezi kuchagua chumba ndani ya mahali palipo wazi. Kama WhatsApp na TikTok zimefunguliwa, yaliyomo ndani yake hayaoni. Picha iliyotumwa na mwanafunzi mwenzake itapita. Kijana atakayeweka VPN atampita kirongozi pembeni, na vivinjari vingine vina mipangilio yake ya DNS. Na bando la shilingi kumi, au waifai ya jirani, lina kirongozi mwingine kabisa. Mzazi aliyebadilisha nambari kisha akalala usingizi amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Tutazame namna Qur'ani ilivyolishughulikia jambo la milango. Katika Surat An-Nur watoto ambao bado hawajabaleghe wameelekezwa waombe idhini kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Pangeweza kusemwa tu kwamba wakubwa wafunge milango kwa komeo. Mtoto mwenyewe amefundishwa kusimama, kubisha na kungoja. Komeo hufanya kazi mahali lilipo. Adabu humfuata mtoto hadi shule ya bweni Mwingi, hadi chuoni Nairobi, hadi usiku wa peke yake na simu mkononi.

Kwa hiyo twawashauri wazazi wasibadilishe DNS kimyakimya kama watu watega mtego. Waiteni watoto, waelezeni: nyumba hii imemchagua kirongozi wa namna hii, na sababu ni hizi. Mkikuta kitu kimefungwa nanyi mnakihitaji kwa masomo, njooni tukitazame pamoja. Na mkikutana na uchafu popote, mje mtuambie, hamtapigwa. Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko nambari zote tulizozitaja, kwa sababu mtoto anayeogopa kusema ndiye anayedhuriwa mara ya pili na ya tatu.

Na kwa waume tuna neno. Baadhi ya huduma hizi, OpenDNS ikiwa mojawapo, humpa mwenye akaunti orodha ya majina yote yaliyoulizwa nyumbani. Zana hiyo yaweza kusaidia kumlinda mtoto mdogo. Kuitumia kumpeleleza mke ni jambo jingine, nalo limekatazwa. Surat Al-Hujurat imezuia dhana mbaya na kupelelezana. Mwanamke ana haki ya kutafuta elimu ya maradhi yake, ya hedhi na uzazi, au ya mambo anayoona haya kumwuliza sheikh, bila mtu kumhesabia mibofyo. Na kwa sababu hiyohiyo, kichujio kikifunga tovuti ya tiba au ya fiqhi ya wanawake kwa makosa, kama inavyotokea mara nyingine, kiondolewe katika simu yake yeye mtu mzima au kibadilishwe. Kinga iliyokusudiwa uchafu isigeuke pazia la kuficha elimu. Kuondoa madhara kumetangulizwa katika sheria, na ujinga nao ni madhara.

Basi mama zetu na dada zetu wa Kitui, Makueni na kwengineko, huu ndio muhtasari wa jibu. Badilisha DNS ukiwa na watoto, kwa kutaka kinga na kwa kuchagua mwaminifu. Usiibadilishe kwa tamaa ya mbio usizolipia. Weka nambari zote mbili za mtu mmoja, linda neno la siri, na uandike ulichokikuta. Kisha kaa na watoto wako. Kirongozi wa msafara aliijua njia ya nyika, lakini hakumlelea mtu mwana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye haya na nyoyo zenye kumcha, azihifadhi nyumba zetu zilizo pwani na zilizo bara, na awafanye watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.